After Hours au Future Nostalgia kwa sherehe ya Kisumu?

Albamu hizi mbili zilitoka Machi 2020, zikipishana wiki moja, na zote zimechota sauti za sinthesaiza (kinanda cha umeme) za miaka ya 1980. Kwa dijei wa Kisumu au Nakuru, hata hivyo, kila albamu ina kazi yake.

After Hours ya The Weeknd imejaa mwangwi mrefu. Chini ya hema unapendeza mno. Ndani ya ukumbi wa mabati na sakafu ya saruji maneno hayasikiki vizuri, kwani kuta nazo zinarudisha sauti. Punguza sauti desibeli 3 hivi kwenye masafa ya kati ya hezi 200 na 400, besi usiiguse. Kazi ngumu ni Blinding Lights, yenye mapigo 171 kwa dakika. Ukiilazimisha ifuate wimbo wa mapigo 124, sauti ya mwimbaji inaharibika. Ihesabu nusu, 85 na ushee, uingie nayo kutoka wimbo wa polepole.

Future Nostalgia ya Dua Lipa ni kavu zaidi, yaani ina mwangwi mdogo, na besi yake inatembea. Watu wakitaka kucheza, chagua hii bila kusita. Don't Start Now ina mapigo 124, hivyo Save Your Tears ya The Weeknd, 118, huifikia ukiiongeza kasi asilimia 5 tu. Physical, 147, iko mbali mno na kasi hiyo, usiiunganishe. Subiri wimbo uliotangulia uishe.