Busta ya majani ya "asilimia 40", nimeijaribu Ismani

Naona watu wanaiulizia sana hii busta (dawa ya kupulizia majani) ya chupa ya kijani inayouzwa maduka ya pembejeo hapa Iringa. Jina silitaji, ila imeandikwa inaongeza usanisinuru, yaani jani kujipikia chakula kwa mwanga wa jua, asilimia 40 na inafanya mazao yahimili joto na ukame. Mi nilinunua msimu uliopita, lita moja elfu 32, nikapiga ekari mbili kule Ismani, kwa hiyo naongea nilichokiona sio cha kuambiwa.

Duka lenyewe kwanza, huko sina neno. Ukifika ni kamwene, salamu ya Kihehe, unapewa kiti, yule dada hana haraka na mteja, na mbegu aliniambia nikwangue mwenyewe lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) kabla sijalipa. Shida nilipomuuliza hii busta inafanyaje kazi akasema "jani linapika chakula zaidi hata jua likiwaka", na mi nikaona sawa tu, nikatoa hela.

Sasa Ismani mnaijua kwa ukame. Mvua ilianza vizuri Desemba mahindi yakanyanyuka, ikafika Februari yanakaribia kutoa mbelewele, jua likawaka wiki tatu bila tone. Ukienda shambani saa sita unakuta majani yamejikunja kama majani ya kitunguu, udongo ukikanyaga unavunjika kama kigae. Nikasema ndo wakati wake huu, nikachanganya mililita 50 kwa pampu ya lita 16 nikapiga. Siku ya nne yamejikunja vilevile, ya saba vilevile, na ile mistari niliyopiga mchana (uvivu wangu, asubuhi nilichelewa kutoka) ncha zikaungua zikawa kahawia. Kwenye chupa sikuona palipoandikwa usipige juani, labda ipo ila kwa yale maandishi mpaka uazime miwani ya bibi.

Mdogo wangu anasoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nikampigia, akacheka kwanza. Alivyonielezea ni kwamba jani lina vitundu vidogo sana, hewa ya ukaa inaingilia humo na maji yanatokea humohumo. Mizizi ikikosa maji jani linafunga vitundu lisikauke, sasa hewa nayo haiingii, kupika kumesimama. "Kaka we umempelekea mpishi chumvi wakati hana unga."

Na hiyo 40 nayo. Kumbe kuna utafiti kweli wa Chuo Kikuu cha Illinois Marekani, ulitoka 2019, walipata tumbaku iliyokua zaidi kwa kama asilimia 40 shambani, lakini walibadilisha vinasaba vya mmea, hakuna mtu alipiga chupa. Tumbaku iko kundi moja na maharage, mpunga, ngano na viazi, yana kimeng'enya kinaitwa rubisko ambacho kazi yake ni kukamata hewa ya ukaa ila mara nyingine kinajichanganya kinakamata oksijeni, na joto likipanda kinajichanganya zaidi, mmea unaishia kuchoma nguvu zake kusafisha huo uchafu. Wale wataalamu wakautengenezea njia ya mkato. Mahindi, mtama, ulezi na miwa tayari yana namna yake ya kurundika hewa ya ukaa pale ilipo rubisko, hiyo hasara kwao ni ndogo sana. Yaani hata kama waliochapa lebo waliitoa huko hiyo 40, mahindi yangu hayahusiki kabisa. Nilikaa kimya kwenye simu, elfu 32 jamani.

Ila nisiifanyie roho mbaya. Nina kipande bondeni kinashika unyevu, mahindi ya pale yalikuwa na njano katikati ya mishipa ya jani, nikapiga jioni, wiki mbili yakawa kijani safi. Nyuma ya chupa kuna magnesiamu na zinki, na magnesiamu ndo inakaa katikati kabisa ya ule ukijani, kwa hiyo pale palipopungukiwa madini hayo lakini maji yapo, imefanya kazi. Ni mbolea ya majani basi, nzuri tu, wangeiandika hivyo tusingegombana.

Jirani yangu mzee hakupiga kitu. Alifunga matuta yake kila baada ya hatua chache maji yasikimbie, akapanda mbegu ya muda mfupi, lile jua linafika mahindi yake yameshatoa ndevu zamani. Kavuna gunia 9 kwa ekari, mi 4, na hizo 4 ni bondeni ndo kumenibeba.

Busta nyota 2 kati ya 5. Duka nawapa 4, ile moja nimekata kwa sababu nilirudi kumwambia dada akasema kampuni ndo imeandika sio yeye, na juzi nimepita chupa bado ziko shelfu ya mbele kabisa. Nusu lita imebaki nyumbani, mama keshasema nimpelekee kwenye chainizi zake, na atapiga jioni.