Kuonja viungo: mashamba ya Kizimbani au kiwanda cha makonyo Wawi?

Mgeni akiniuliza wapi akaonje viungo vya Zanzibar, humtajia sehemu mbili: mashamba ya Kizimbani, Unguja, na kiwanda cha makonyo Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba.

Kizimbani ni pa ulimi. Unabanduliwa gome la mdalasini papo hapo, ulitafune: mwanzo tamu, kisha ukali unapanda taratibu. Mzizi wa mti huohuo ukikwaruzwa unanuka kama dawa ya kuchua. Kungumanga ikipasuliwa utaona utando mwekundu umeizunguka mbegu. Utazame haraka, maana ukikauka rangi hufifia. Kuna hiliki, pilipili manga, vanila. Kutoka mjini si mbali, na hamamu ya Kidichi iko jirani.

Wawi ni pa pua. Makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hupitishiwa mvuke. Mvuke ukipozwa, mafuta hujitenga na maji. Tone moja kwenye karatasi linatosha kukaa na harufu hadi jioni. Hukamuliwa pia mafuta ya mchaichai na ya majani ya mdalasini.

Mwenye siku moja tu na watoto, aende Kizimbani. Lakini anayetaka kuijua karafuu hasa, namsihi avuke aende Pemba, kunakotoka karafuu zetu nyingi. Aende msimu wa mavuno, zikiwa zimeanikwa majamvini, na aulizie kwanza kama mitambo inafanya kazi siku hiyo.