Goti la matundu: thieta nyota tano, kuruhusiwa nyota mbili

Haya jamani, wiki ya sita hii tangu nifanyiwe operesheni ya goti, ile ya matundu madogo na kamera, hasira zimeisha naweza kuandika. Meniskasi ilichanika, ile gegedu inayokaa kama kimto kati ya mfupa wa paja na wa muundi, ikawa nikiinuka kwenye kiti goti linajifunga halinyooki mpaka nilitikise.

Kabla ya operesheni hawa watu wako vizuri. Dada wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinianzisha mazoezi wiki mbili kabla, taulo chini ya goti, kandamiza, hesabu mpaka tano, achia. Nikaona utani huu. Akasema goti likivimba msuli wa paja huwa unazima, sasa bora uufundishe ukiwa bado unakusikia. Na ulizeni mapema kama watakata kipande au watashona, maana wa kukatwa kama mimi mara nyingi anakanyagia siku ileile, wa kushonwa anaweza kukaa na magongo wiki nne mpaka sita, sasa wewe umeomba likizo ya wiki moja itakuwaje?

Thieta sina neno. Nilichomwa ganzi ya mgongo, niko macho, naona kila kitu kwenye skrini, kamera nyembamba kuliko penseli, wanapitisha maji ndani ili waone, na ile meniskasi imechambuka kama ncha ya kamba ya kiatu iliyotoka kiplastiki. Matundu mawili tu, kila moja halifiki sentimita moja. Jioni niko nyumbani.

Sasa kasheshe. Wakati wa kuruhusiwa nilipewa dawa, karatasi na magongo, kwaheri. Magongo yenyewe yamerefushwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, yananichoma kwapani mpaka vidole vikafa ganzi, kumbe inatakiwa ibaki nafasi ya vidole viwili vitatu chini ya kwapa na uzito ubebwe na viganja. Ngazi nilizipanda kwa kukalia makalio kama mtoto, hakuna aliyeniambia kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mbovu. Mto nao nikauweka chini ya goti siku mbili, raha tupu, mpaka likagoma kunyooka, kumbe mto ni chini ya kisigino. Barafu nikaibandika kwenye ngozi kavukavu ikaacha alama nyekundu, weka kitambaa katikati, dakika 15 hadi 20 basi. Ila kilichoniudhi kuliko vyote, ile habari ya kigimbi kuvimba na kuuma au pumzi kubana, kwamba inaweza kuwa damu imeganda na ukimbie hospitali hapohapo, imeandikwa mwisho kabisa wa karatasi kwa herufi ndogo kama sisimizi!

Haya yote niliyajua siku ya tatu nilipompigia yule dada wa fizio mwenyewe. Siku ya nne nikalala chali nikajaribu kuinua mguu ukiwa umenyooka, mara ya kwanza haukusogea, nauangalia kama wa jirani, mara ya pili ukapanda upana wa kiganja nikaita nyumba nzima waje waone.

Nyuzi zilitolewa siku ya 12, sasa hivi natembea freshi, kuchuchumaa bado. Magongo nimewarudishia, nikamwambia sista wa mapokezi ayabandike karatasi kabisa, "ya mtu mrefu".