Nimeprintisha mchezo wangu wa Waterloo: ramani safi, vipande vimeniangusha

Aisee kwenye ramani wameniweza, nianze na hilo. Nina mchezo wangu wa vita vya mezani niliouchora mwenyewe, kampeni ya Napoleon kule Ubelgiji Juni 1815, kuanzia tarehe 15 Wafaransa wanavuka mto Sambre pale Charleroi mpaka tarehe 18 Waterloo, nikatuma mafaili kwa huduma moja ya kuprint michezo online (jina sitaji), seti moja tu ya kujaribia. Wiki tatu mzigo huo mlangoni. Karatasi nzito, rangi imekolea, barabara ya Brussels unaifuata kwa kidole kupitia Quatre Bras, na majina ya vijiji niliyoandika madogo kama sisimizi yanasomeka. Kadi nazo poa.

Shida ni vile vipande vya kadibodi. Mbele kuna jina la kamanda na nguvu ya kikosi, nyuma bendera tu, ili mwenzako asijue anakuja nani. Sasa wamekata vibaya, nyuma picha imesogea kama milimita 2, vingine vimebaki na mstari mweupe pembeni. Utasema milimita 2 kitu gani bana, lakini vita vyenyewe vilikuwa vya kutojua: Wellington, jenerali wa Waingereza, alihofia atazungukwa upande wa Mons, na Grouchy, jenerali wa Napoleon, akapewa watu kama 33,000 kuwafukuza Waprusia, washirika wa Wellington, na bado wakamponyoka wakatokea Waterloo.

Mdogo wangu kanifunga mara nne mfululizo, nikajua sheria yangu ya upelelezi wa wapanda farasi ndo mbovu, nikaiandika upya wiki nzima. Mara ya tano namwona kainamia meza, namuuliza unatafuta nini, ananijibu, "Kaka, huyu mwenye mstari kushoto si ndo D'Erlon wako?" Nilicheka ila roho iliniuma. D'Erlon, jenerali mwingine wa Napoleon, ndo niliyemhangaikia kuliko wote, maana tarehe 16 alizunguka katikati ya mapigano ya Ligny na ya Quatre Bras asipigane popote, nikamtungia dadu ya amri kuchelewa, kumbe dogo anamsoma mgongoni.

Nikawaandikia, wakajibu fasta na kwa heshima, kusogea kidogo kumo kwenye masharti. Nikaenda kusoma, kweli kumo.

Basi nikaenda kwa fundi seremala, akanikatia vipande 60 vya mbao kwenye mabaki yake, nikavipaka bluu vyote maana hata mistari ya mbao dogo angeikariri, nikabandika stika upande mmoja (stika wameprint hao hao, ziko vizuri). Unakisimamisha stika ikikutazama wewe, ukipoteza watu unakigeuza namba inayofuata iwe juu. Ubaya wake ukigonga meza kinaanguka, mpinzani anaiona Imperial Guard yako yote, kile kikosi teule cha Napoleon.

Ramani nawapa 5 kwa 5, vipande 2 kwa 5. Nikimaliza mchezo wa kampeni ya Napoleon kule Urusi 1812, ramani nawapa wao tena, kutoka mto Niemen hadi Moscow, ila safari hii wasiikunje katikati ya Smolensk.