Komiki za mashujaa: uanze na ipi ukiwa Nakuru, Kisumu au Kakamega

Mnunuzi mpya wa komiki hupoteza pesa nyingi zaidi kwa kutafuta "namba moja". Anaona kitabu cha Spider-Man kimeandikwa 1 kwenye jalada, anadhani hapo ndipo hadithi inapoanzia, analipa. Lakini The Amazing Spider-Man ilianza namba 1 mwaka 1963, ikaanza tena namba 1 mwaka 1999, tena 2014, tena 2015, tena 2018, tena 2022. Namba 1 ni mbinu ya kuuza. Hadithi nyingi zenye namba hiyo zinaendelea kutoka mahali ambapo hukuwapo.

Kwa hiyo nunua hadithi iliyokwisha, yote ndani ya kitabu kimoja. Kipimo hicho ndicho kilichopanga orodha hii, pamoja na vingine viwili: kila toleo lililomo (kijitabu kimoja cha kila mwezi) linakugharimu shilingi ngapi, na kitabu kitafikaje huku bara bila kuvunjika mgongo. Kwa hesabu zote hapa tumechukua bei ya mchapishaji na kuhesabu dola moja kwa shilingi 130. Duka litaongeza nauli na faida yake, na ukiagiza mwenyewe kutoka ng'ambo weka akilini VAT ya asilimia 16, inayohesabiwa juu ya bei ya kitabu pamoja na usafirishaji.

1. Vitabu vidogo vya DC Compact Comics

Kwa mtu anayeanza, hakuna kinachovishinda. DC, wachapishaji wa Superman na Batman, walivizindua mwaka 2024 kwa dola 9.99, yaani takriban shilingi 1,300. Ukubwa ni sentimita 14 kwa 21.6, kama riwaya ya kawaida, kwa hiyo kinaingia kwenye mkoba wa shule na hakikunjiki pembe kwenye matatu.

Chukua All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely. Matoleo yote 12 yamo, mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni kama shilingi 108 kwa toleo, ilhali toleo jipya moja la dola 4.99 ni shilingi 650. Hakuna unachohitaji kujua kabla ya kuisoma: asili yote ya Superman imemalizwa kwenye ukurasa wa kwanza kwa picha nne na maneno machache sana, kisha hadithi inaondoka. Nchini humu, ambako wengi humjua Superman kwa filamu tu, hiki ndicho kitabu kinachoonyesha kwa nini amedumu tangu 1938.

Cha pili ni Far Sector, ya N. K. Jemisin na mchoraji Jamal Campbell. Jo Mullein ni Green Lantern, yaani mlinzi wa anga mwenye pete ya nguvu, aliyetumwa peke yake kwenye mji wenye wakazi bilioni 20 kuchunguza mauaji. Hii pia ni hadithi ya matoleo 12 inayojitosheleza, na rangi za Campbell hazipotei hata ukurasa ukipunguzwa. Cha tatu ni Batman: The Court of Owls ya Scott Snyder na Greg Capullo.

Tahadhari moja kuhusu umbo hili: ukurasa wa kawaida wa komiki ni karibu sentimita 16.8 kwa 26, hivyo hapa kila kitu kimepungua kwa takriban moja ya sita. Watchmen, iliyomo pia kwenye mfululizo huu, inaumia kwa sababu hiyo. Alan Moore na Dave Gibbons walizigawa kurasa nyingi katika picha tisa, na maneno ndani ya kila picha ni mengi. Ukiwa na macho mazuri utaisoma. Ukiwa unavaa miwani, tafuta kitabu chake cha ukubwa wa kawaida.

Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, walijibu mwaka 2025 kwa mfululizo wa Premier Collection, dola 14.99, ukubwa unaokaribiana. Daredevil: Born Again ya Frank Miller na David Mazzucchelli ndiyo ya kuanza nayo. Ni ya mwaka 1986, matoleo 227 hadi 233, na ukiona namba hizo usiogope. Adui anajua jina halisi la Daredevil na anayabomoa maisha yake hatua kwa hatua. Mengine unaelezwa humo humo.

2. Mkusanyo wa jalada laini, ukubwa wa kawaida

Huu ndio utakaoukuta zaidi madukani. Kwa kawaida una matoleo matano au sita, kurasa 120 hadi 150, dola 16 hadi 20. Hesabu: dola 17.99 kwa matoleo sita ni karibu shilingi 390 kwa toleo. Si rahisi, lakini mchoro unauona kwa ukubwa aliokusudia mchoraji.

Hapa ndipo utapeli wa namba unapouma zaidi. "Black Panther Vol. 1" inaweza kuwa vitabu vinne au vitano tofauti. Usimuulize muuzaji kwa namba. Muulize kwa jina la mwandishi na mwaka. Kisha geuza jalada la nyuma au fungua ukurasa wa mwanzo wenye maandishi madogo, usome mstari unaotaja matoleo yaliyomo. Usipouona mstari huo, rudisha kitabu.

Na kwa kuwa Black Panther ndiye anayeulizwa zaidi Kisumu, hasa tangu filamu yake ilipofanyiwa onyesho la uzinduzi mjini humo Februari 2018, tumweleze kwa kirefu kidogo. Alitokea mara ya kwanza Fantastic Four namba 52, mwaka 1966. Chaguo za leo ni hizi:

Who Is the Black Panther? ya Reginald Hudlin na John Romita Jr., 2005. Matoleo sita, hadithi kamili, mwendo wa filamu. Aliyetoka sinema aanze hapa.

Mkusanyo wa Christopher Priest, ulioanza 1998, ndio bora kuliko yote kwa maandishi, nasi hatuna shaka juu ya hilo. Siasa za Wakanda, nchi anayoitawala Black Panther, hila za ikulu na ucheshi mkali vyote vinatoka kwake. Ila msimulizi, Everett Ross, hurukaruka mbele na nyuma makusudi, na msomaji wa kwanza huhisi kurasa zimepangwa vibaya. Hazijapangwa vibaya. Endelea mpaka toleo la tatu na mambo yatanyooka. Mkusanyo wa kwanza una matoleo 17, hivyo kwa kila toleo unalipa kidogo kuliko kitabu chembamba.

A Nation Under Our Feet ya Ta-Nehisi Coates, 2016, ina mawazo mazito na michoro mizuri ya Brian Stelfreeze. Tatizo ni ufungaji: matoleo 12 yamekatwa vitabu vitatu vyembamba, vinne vinne, na cha kwanza kikajazwa Fantastic Four namba 52. Ukinunua kimoja umenunua theluthi ya hadithi. Nunua vyote vitatu au subiri kile cha jalada gumu chenye matoleo yote 12.

Anayetaka mizizi atafute Panther's Rage ya Don McGregor, ya miaka ya 1970, iliyo pia kwenye kitabu cha Black Panther cha Penguin Classics cha 2022. Maneno ni mengi kupita kiasi, lakini ndiyo hadithi ya kwanza iliyomrudisha T'Challa (ndiye Black Panther mwenyewe) nyumbani akapigana na adui yake Killmonger.

Kwa kijana wa miaka 10 hadi 14, vitabu viwili havina mjadala. Ms. Marvel: No Normal ya G. Willow Wilson na Adrian Alphona, 2014, inamhusu Kamala Khan, msichana Mwislamu anayebishana na wazazi kuhusu kutoka usiku kabla hata hajapata nguvu. Msomaji wa Mumias au Kondele hatahitaji kufafanuliwa ubishi huo. Nyingine ni Superman Smashes the Klan ya Gene Luen Yang na Gurihiru: matoleo matatu, kitabu kimoja, mwisho.

3. Mitumba

Belo za vitabu hufikisha komiki Kibuye, hasa Jumapili, na kwa wauzaji wa vitabu vya barabarani Nakuru na Eldoret. Nyingi zimetoka maktaba za Uingereza na Marekani. Bei hupanda kwa sura ya mnunuzi, basi weka kikomo kabla ya kuinama: toleo moja la kawaida lisizidi shilingi 200, mkusanyo mzima usizidi nusu ya bei ya mpya.

Kagua hivi, kwa mpangilio huu. Kwa toleo la pini, yaani kijitabu kimoja kilichobanwa kwa pini, fungua katikati kabisa. Karatasi ya katikati, yenye kurasa nne, ndiyo inayochomoka kwanza, na pini zikishika kutu hukata karatasi pale zinapopita. Kwa mkusanyo, kiweke wazi kwenye kiganja bila kukilazimisha: ukisikia mlio wa gundi kukatika, kurasa zitaanza kutoka ndani ya miezi michache. Nusa. Harufu ya uvundo maana yake ukungu umeingia, na ukungu huhamia vitabu vyako vingine. Mwisho angalia kurasa tatu za mwisho, maana vitabu vya maktaba hupoteza hizo mara nyingi.

Nakala za kuchapishwa kienyeji zipo pia. Dalili zake ni herufi zenye ukungu ndani ya viputo vya maneno, weusi uliogeuka kijivu, na maneno ya ukingoni kukatwa. Kitabu halali kina ISBN ya tarakimu 13 inayoanza na 978 au 979. Iingize kwenye simu ulinganishe jalada.

Jihadhari na mtu anayekuuzia "orijino ya zamani". Marvel na DC hutoa Facsimile Edition, nakala mpya za matoleo ya kale pamoja na matangazo yake ya enzi hizo. Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, ambamo Profesa Xavier, kiongozi wa mashujaa wa X-Men, anamkuta shujaa Storm Kenya akiheshimiwa kama mungu wa mvua, imerudiwa hivyo. Soma yale maandishi madogo ya mchapishaji: mwaka wa kuchapwa upya umeandikwa hapo.

4. Kusoma kwenye simu au tableti

Marvel Unlimited ni dola 9.99 kwa mwezi, sawa na bei ya matoleo mawili ya karatasi, na ina zaidi ya matoleo 30,000. Mapya huingia baada ya miezi mitatu. Kadi ya M-Pesa GlobalPay hutumika kulipia huduma za ng'ambo za namna hii. Pakua ukiwa kwenye WiFi, usome baadaye bila bando.

Kwa nini basi iko nafasi ya nne? Kwanza, ukiacha kulipa huna kitu. Pili, skrini ya inchi 6.5 hukulazimisha kusoma picha moja moja, na ukurasa wa komiki umepangwa uonekane wote kwa pamoja. Tableti ya inchi 10 hutatua hilo. Aliye nayo tayari, basi kwake huduma hii inapanda hadi nafasi ya pili. Itumie mwezi mmoja kuonja waandishi, ughairi, kisha ununue kwa karatasi kile ulichokipenda.

5. Mabuku makubwa

Invincible ya Robert Kirkman, Cory Walker na Ryan Ottley ndiyo sababu ya sehemu hii kuwapo. Matoleo 144, 2003 hadi 2018, yote katika Compendium tatu. Ya kwanza ina karibu 47 kwa yapata dola 65, yaani shilingi 180 kwa toleo. Ni hadithi moja yenye mwisho, jambo ambalo Marvel na DC hawawezi kukuahidi. Damu ni nyingi mno. Si ya mtoto, hata kama amekwisha iona katuni yake kwa televisheni. Gundi ya buku la zaidi ya kurasa elfu moja ndiyo udhaifu wake. Lisome mezani, na likiwa jipya lifungue kurasa 50 kwa 50 kutoka pande zote mbili ili mgongo ulegee taratibu.

Omnibus za jalada gumu, dola 100 na zaidi, ni za mtu ambaye tayari anaijua hadithi na anaipenda. Kilo mbili hadi tatu, nauli yake pekee inaweza kununua Compact Comics kadhaa.

6. Matoleo mapya ya kila mwezi

Mwisho kabisa. Kurasa 20 hadi 22 za hadithi, dakika 15, shilingi 520 hadi 650 kabla ya nauli, na hadithi inakatika pale inaponoga. Ukikosa moja hulipati tena kwa urahisi nje ya Nairobi. Absolute Batman ya Snyder na Nick Dragotta, iliyoanza Oktoba 2024, ni nzuri kweli, lakini matoleo yake sita ya kwanza yamo kwenye The Zoo. Nunua hicho. Na matukio makubwa yanayounganisha mashujaa wote, mfano Civil War ya 2006, yaache mpaka uwe umewajua wahusika; nusu ya uzito wake hutegemea vitabu vingine.

Kuagiza na kutunza

Ukiagiza kutoka Nairobi, omba picha ya mgongo na ya pembe nne kabla ya kutuma pesa, na lipa kwa till ya duka badala ya namba ya mtu. Mwambie muuzaji afunge kitabu kwa nailoni kwanza, kisha akibane kati ya kadibodi mbili zinazozidi pembe kwa sentimita mbili. Asitumie raba: hukata kingo safarini. Fungua kifurushi pale pale kaunta ya mizigo.

Kisumu na Kakamega adui ni unyevu. Nakuru ni vumbi na jua la dirishani. Weka vitabu wima, vikiwa vimebanana kiasi, rafu ikiwa juu ya sakafu na imeachana na ukuta kwa vidole viwili ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema. Toleo la pini linaingia vizuri kwenye mfuko angavu wa A4 pamoja na karatasi ngumu nyeupe nyuma yake. Usitumie kipande cha katoni ya kahawia, kwa kuwa asidi yake huigeuza komiki rangi ya njano. Vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya vitupie ndani ya sanduku, na uvibadilishe msimu wa mvua ndefu unapoanza.