Deklaran wa «bei moja» kutoka Dar mpaka Lubumbashi: wanafaa, ila soma kilichobaki nje

Anayerudi Lubumbashi kutoka Ulaya na motokari yake atauziwa na deklaran (wakala wa forodha) huduma ya bei moja: kupokea gari bandarini Dar es Salaam, kulivusha mpaka wa Tanzania na Zambia pale Tunduma na Nakonde, kulipitisha Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kisha mjini.

Kasumbalesa wanapaweza kweli. Wanaingiza deklarasyo IM4, yaani tamko la kuingiza gari libaki nchini, ndani ya Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha. Ushuru unahesabiwa juu ya bei ya gari pamoja na nauli ya meli na bima, halafu TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% inapigwa juu ya jumla hiyo na ushuru wenyewe. Malipo ni ya benki. Dai kitansi cha duwane (risiti ya forodha) chenye namba ya chasi yako, maana bila hicho usitegemee plaki, yaani kibao cha namba za gari.

Shida huanzia mbali zaidi, kwenye karatasi. FERI, fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia, inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya Kongo ya usafirishaji wa mizigo, iombwe kabla meli haijaondoka; ikikosekana, faini ni juu yako, wala haimo katika ile bei moja. Kisha kagua namba ya chasi herufi kwa herufi. Namba ya gari la Ulaya ina herufi na tarakimu 17, na I, O na Q hazitumiki kabisa. Ukiona O kwenye hati ya shehena, mtu ameandika O badala ya sifuri. Rekebisha na kampuni ya meli mapema, kwani gari likishashuka, kila siku ya kusubiri marekebisho inaweza kuwa siku ya kulipia hifadhi ya bandarini. Uliza pia kwa maandishi nani analipa hifadhi hiyo, bima ya Yellow Card (bima ya gari linalovuka mipaka ya nchi za kanda) na ushuru wa kaboni wa Zambia, unaofuata ukubwa wa injini.

Wengine hupunguza bei kwa kuliendesha gari lenyewe, takriban kilometa 2,000. Hapana. Usukani uko kushoto, Tanzania na Zambia wanapita kushoto: dereva akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka atoe karibu gari zima. Ongeza pesa, libebwe juu ya lori.

Vyombo vya nyumba visipakiwe ndani ya gari. Jeki, tairi la akiba na redio viandikwe kwenye karatasi ya kupokelea, pamoja na kilometa za dashibodi, na dereva atie sahihi kabla hujamalizia malipo.