Uzoefu wangu: kudai talaka mahakama ya mwanzo, na kuitafuta hati yake miaka sita baadaye

Mwezi Mei mwaka 2024 nilikwenda bomani pamoja na mwenzangu kutoa taarifa ya kusudio la kufunga ndoa, ile ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka itolewe angalau siku 21 kabla ya siku yenyewe. Msajili alitupokea vizuri hadi nilipomweleza kwamba niliwahi kuolewa na kwamba ndoa hiyo ilivunjwa na mahakama. Akanyoosha mkono na kuuliza, "Hati ya talaka iko wapi, mama?" Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya hakimu akisoma hukumu mwaka 2018, pamoja na nakala kivuli ya kurasa mbili za hukumu hiyo, ambayo ukurasa wake wa mwisho, wenye saini na mhuri, ulipotea wakati wa kuhama nyumba. Naandika haya kwa anayejiandaa kwenda mahakamani sasa, na pia kwa yule aliyekwisha kupewa talaka na anaamini kwamba hana tena shida na masjala.

Ndoa yangu ya kwanza ilikuwa ya bomani, ilifungwa mwaka 2008 katika mji mmoja wa mkoa wa Morogoro, na kufikia mwaka 2016 kila mmoja wetu alikuwa akiishi kwake. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kikao cha ukoo kinatosha. Wajomba na mashemeji walikaa siku nzima, wakaandika muhtasari wenye saini sita, nami nikaupeleka kwa karani wa mahakama ya mwanzo nikijua nimekamilika. Karani alinirudisha kwa upole. Kifungu cha 101 cha sheria hiyo hakimruhusu mtu kuleta ombi la talaka kabla mgogoro haujafikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo likathibitisha kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Baraza la kata linaifanya kazi hiyo, na taasisi za dini, kama BAKWATA na makanisa, nazo zina mabaraza yake. Kikao cha ukoo hakimo, hata kama waliokaa ni wazee wenye busara kuliko hakimu mwenyewe. Ipo misamaha, kwa mfano pale ambapo mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, au anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, au ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika, lakini mimi sikuangukia katika misamaha hiyo kwa kuwa wangu alikuwa akionekana sokoni kila Jumamosi.

Baraza la kata lilituita mara tatu. Mjumbe mmoja aliniuliza ni nani atakayempikia mume wangu nikiondoka, swali ambalo sikulijibu na ambalo mwenyekiti, kwa heshima yake, aliagiza lisiandikwe. Ukiondoa hilo, waliifanya kazi yao ipasavyo, wakamsikiliza kila upande, na mwishoni wakanipatia Fomu Namba 3 inayoeleza kwamba usuluhishi umeshindikana. Niliipokea, nikaikunja, nikaiweka kabatini.

Hapo ndipo lilipotokea kosa la pili, lililonigharimu karibu mwaka mzima. Mama mkwe aliomba tumpe muda wa kuzungumza na mwanawe kabla ya mambo kufika mahakamani, nami nikakubali kwa kuwa nilimheshimu na bado namheshimu. Ilipodhihirika kwamba mazungumzo hayo hayana mwisho, nilikwenda kufungua shauri, karani mwingine akalipokea, namba ikatolewa, wito ukatoka. Siku ya kusikilizwa, mume wangu alisimama na kusema neno moja tu: fomu hiyo ina miezi minane. Kifungu cha 106 kinataka hati ya baraza iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya ombi kufunguliwa. Hakimu hakuwa na la kufanya ila kuliondoa shauri mahakamani, na mimi nikaanza upya kwa wajumbe wale wale, ambao walinitazama kwa huruma iliyochanganyika na uchovu. Kwa kweli nilikasirika zaidi kwa sababu karani aliyelipokea shauri hakuikagua tarehe iliyokuwa mbele ya macho yake. Ilinichukua muda kukubali kwamba tarehe hiyo hata mimi ningeweza kuisoma.

Shauri la pili lilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2017 na likaenda vizuri. Mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa, na nilichagua ya mwanzo kwa sababu ilikuwa umbali wa kutembea, mwenendo wake wote ni kwa Kiswahili, na ada ya kufungua shauri ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kwenda wilayani. Ninampa hakimu alama za juu kabisa. Alinieleza mapema kwamba kugombana peke yake si sababu, na kwamba ninapaswa kumthibitishia kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kwa ushahidi wa mambo kama ukatili, ugoni au kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu. Nilikuwa na PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, ya mwaka 2015 na shahidi mmoja, jirani aliyenifungulia mlango usiku ule. Hilo lilimalizika kwa vikao viwili.

Kilichochukua muda ni nyumba. Kiwanja kilikuwa kwa jina la mume wangu, naye alishikilia kwamba mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu. Kifungu cha 114 kinaiagiza mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kupatikana kwa mali, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa mchango. Wengi hulitaja shauri hilo kana kwamba Bi Hawa aliondoka na nusu ya nyumba. Hakuondoka nayo. Kwenye kanuni alishinda, lakini mahakama iliona kwamba fungu lake alikwisha kulipata kupitia fedha alizopewa na mumewe, akazitumia vibaya. Kwa hiyo sikutegemea kanuni peke yake. Nilileta risiti za saruji na mabati, taarifa ya mkopo wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, uliokatwa kwenye mshahara wangu wa ualimu, na fundi aliyepokea fedha mkononi mwangu. Mahakama ilinipa asilimia arobaini ya thamani ya nyumba, na watoto wote wawili wakabaki kwangu, mdogo akiwa hajafikisha miaka saba, umri ambao sheria inaanza na dhana kwamba mtoto akae na mama mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Siku ya hukumu nilitoka nikiwa mwepesi, nikaomba nakala ya hukumu, nikalipia, nikaondoka. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, kwamba hukumu ni karatasi moja na tuzo ya talaka ni karatasi nyingine. Hukumu inaeleza sababu. Tuzo, ambayo wanasheria huiita dikrii, ndiyo inayotamka kwa kifupi kwamba ndoa kati ya fulani na fulani imevunjwa tangu tarehe fulani, na ndiyo ambayo msajili wa ndoa huitaka.

Basi mwaka 2024 nikarudi. Jengo la mahakama lilikuwa jipya, makarani walikuwa wapya, na majalada ya zamani yalikuwa yamehamishiwa stoo. Swali la kwanza nililoulizwa masjala lilikuwa namba ya shauri, na sikuikumbuka. Kwa jina? Hawatafuti kwa jina, nikaambiwa, kwa sababu daftari limepangwa kwa namba na mwaka. Nilirudi mara nne katika wiki tatu, na mara mbili kati ya hizo aliyeshika ufunguo wa stoo hakuwepo. Nilijaribu pia TanzLII, ambako hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure kwenye intaneti, lakini shauri langu liliishia ngazi ya mwanzo bila rufaa, kwa hiyo halikuwemo. Huduma hii ya masjala naipa alama ya chini, ingawa kijana aliyenisaidia mwishoni hakuniomba hata shilingi ya chai.

Namba niliipata nyumbani, katika wito wa mwaka 2017 ambao binti yangu alikuwa ameutumia kufunikia daftari la hesabu, na juu ya karatasi ile palikuwa na "Shauri la Ndoa Na." na tarakimu zake, safi kabisa. Nilipoirudisha namba hiyo masjala, jalada lilipatikana kwa dakika ishirini. Niliandika barua ya kuomba nakala zilizothibitishwa za hukumu na tuzo, nikapewa namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontroo namba, nikalipia kwa simu, na baada ya siku tano nikaitwa kuchukua.

Rafiki yangu anayeishi Dar es Salaam alinishangaa. Yeye alipitia Kituo Jumuishi cha Temeke, ambako mashauri ya mirathi na ndoa yanasikilizwa na ngazi mbalimbali za mahakama ndani ya jengo moja, na anasema nakala zake alizipata bila kuzunguka. Sisi wa mikoani bado tunazunguka. Msomaji wa Zanzibar naye asizifuate hatua zangu, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko na Waislamu hupeleka mambo hayo Mahakama ya Kadhi.

Niliomba nakala tatu zenye mhuri wa moto. Moja ilikwenda kwa msajili bomani, ambaye aliisoma tuzo tu na kuirudisha hukumu bila kuifungua. Ya pili niliipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, ambako talaka husajiliwa kama zinavyosajiliwa ndoa, vizazi na vifo. Ya tatu iko kwa dada yangu, Kilosa, na namba ya shauri nimemwandikia kwa kalamu nyuma ya bahasha.